Barua Iliyoanza kwa Uzima

Mwezi uliopita nilisikia nikisimuliwa kwamba niliua mtu. Ilikuwa Mbalizi, kwenye kipaimara cha mjukuu wa Tusa, na aliyekuwa akisimulia ni kijana wa ukoo wao, amevaa tai, hajui kwamba bibi aliyekaa nyuma yake na sahani ya pilau magotini ndiye anayesemwa. "Basi yule mwanafunzi akajifanya anajua Kiingereza," akawaambia wenzake. "Mgonjwa anamwambia, andika naumwa. Yeye anaandika, mzima kabisa! Mume kule mgodini akasomewa, akasema aa, kumbe mzima, akaongeza mkataba. Mama wa watu akafa." Wenzake wakaguna. "Kizungu kimeua mtu," akasema mmoja. Mwingine akauliza, "Na huyo mwanafunzi alifungwa?" "Alifungwa nini wewe! Si ndiyo akawa mwalimu."

Ni kweli nilikuwa mwalimu, miaka thelathini na minne. Nyama ilinikaa mdomoni, haikutafunika. Mtu atadhani nilishtuka kwa sababu nilisingiziwa. Hapana. Nilishtuka kwa sababu kijana yule, bila kujua, alikuwa amenihurumia. Katika hadithi yake kosa langu ni kosa la mtoto wa shule aliyekosea Kiingereza. Ukweli ni mbaya kuliko hivyo, na haumo katika Kiingereza changu. Ninayo bado daftari niliyoiandika mwaka ule, jalada lake jeusi limeliwa na mende, na kwa mara ya kwanza tangu wakati huo nimeisoma yote.

Nilikuwa darasa la kumi, katika shule ya wasichana ya misheni nje kidogo ya Iringa, na nilikuwa na haya kupita kiasi. Watu waliichukua haya yangu kuwa ni adabu, wakanisifu. Mpishi wetu wa Kihehe alikuwa akisimama mlangoni mwa bwalo na mwiko mkononi, anatusalimu mmoja mmoja, "Kamwene, Tumpe," na mimi naitikia huku nikiangalia saruji. Uji ulikuwa wa mahindi, hauna sukari. Bweni lilikuwa refu, vitanda vya chuma safu mbili, blanketi za kijivu zilizonuka sabuni ya mche, na baridi ya mwezi wa nne inapita chini ya mlango kama ina kazi ndani. Baada ya chakula cha mchana wenzangu walikwenda kwenye jua kusukana. Mimi nilikaa kitandani na daftari. Nilichoshindwa kumwambia mtu kwa mdomo nilikiandika, na nikishakiandika niliona kama nimeshakisema. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na hakuna aliyeniambia kwamba hivyo ni vitu viwili.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa Mwingereza mwembamba ambaye vidole vyake havikutoka doa jekundu, tukamwita Bi Wino. Muhula ule alitufundisha kuandika barua. Alisema mtu mstaarabu haanzi barua kwa shida zake. Anaanza kwa sentensi moja, nayo aliiandika juu kabisa ubaoni, ikabaki pale wiki nzima: I am quite well and I hope you are well too. Yaani, mimi ni mzima kabisa, na natumaini nawe u mzima. Habari, alisema, zinaingia aya ya pili. Akatupa zoezi la kumwandikia ndugu. Mimi nilikuwa nimepata habari za nyumbani siku ileile, kichwa kimejaa, nikaanza moja kwa moja: ng'ombe wetu mweupe amekufa. Bi Wino aliniita mbele. Alinisomesha sentensi ile kwa sauti mara tatu, darasa linacheka, halafu akauliza, kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mbaya, "Hivi ndivyo unavyoingia nyumbani kwa mtu, Tumpe? Na mzoga wa ng'ombe?" Nikaandika sentensi ya ubaoni mara hamsini. Mpaka Pasaka wenzangu waliniita Ng'ombe Mweupe. "Ng'ombe Mweupe, lete maji." "Ng'ombe Mweupe, umeshakufa?"

Nikashika. Na kwa kweli sheria ile haikuwa ngeni kwetu, ndiyo maana iliniingia haraka hivyo. Kwetu mtu akikusalimu asubuhi, "Ugonile?", unaitikia "Ndaga." Akiuliza nyumbani, unasema hawajambo. Ndipo linakuja "ila." Hawajambo, ila mtoto ana homa. Hatujambo, ila nyumba imeungua. Anayesikiliza anajua kungoja ile "ila." Ubaoni pa Bi Wino hapakuwa na "ila", lakini mimi sikuona tofauti.

Mwezi wa sita nilikwenda likizo Iyunga, kwa shangazi. Jirani yake, migomba tu katikati, alikuwa Mama Tusa. Mume wake, Ambakisye, alikuwa mwaka wa pili kwenye migodi ya dhahabu kusini. Nyumba yao ilikuwa ya mianzi iliyokandikwa udongo, chumba kimoja cha kulala na jiko pembeni, na moshi ulikuwa umeipaka paa weusi unaong'aa. Nilimkuta amelala karibu na moto, ungo wa maharage kifuani, anayapukuchua akiwa chali, na Tusa, miaka mitano, anayapanga maganda chini kama ng'ombe zizini. Tumbo la Mama Tusa lilikuwa limejaa kama la mimba ya miezi saba. Mimba haikuwapo. Niliposonga ugali kwa shangazi jioni ya kwanza, wanawake wawili waliokuja kuazima chumvi walisimama hapohapo mlangoni wakisema kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ndogo. "Mume kusini, tumbo huku." "Labda limekuja kwa posta." Shangazi akapiga mwiko kwenye ukingo wa chungu. "Daktari ameshasema ni uvimbe. Chukueni chumvi yenu."

Daktari wa hospitali ya Mbeya alikuwa amesema hivyo kweli: ni uvimbe, upasuliwe kabla ya mvua, na hapasui mtu ambaye ndugu zake hawajakubali. Mwenye kukubali, mume akiwa hayupo, alikuwa baba mkwe, Mzee Angolwisye. Daktari alimtuma mwuguzi kumwomba. Mzee akajibu mbele ya watu: "Mke wa mwanangu hakatwi tumbo mwanangu hayupo." Mama Tusa mwenyewe hakuweza kwenda kumsihi. Kwa Wanyakyusa mwanamke na baba mkwe wake hawaonani. Hawasemezani, hawapiti njia moja; akimwona anakuja mbali, anajitosa migombani na kujifunika uso. Ukristo ulikuwa umelegeza mambo mengi pale kijijini, lakini hilo halikuwa limeguswa. Nyumba zao hazikupishana hata hatua mia mbili, na kwa miaka saba ya ndoa hakuwa amewahi kumwambia neno.

Siku ya tatu aliniita. Alikuwa ameketi, ameegemea ukuta, kanga imefungwa chini ya kwapa. "Tumpe, mwanangu, wewe si mkwe. Wewe unaweza kuingia kwa baba. Nenda ukapige magoti, umwambie nimekutuma mimi."

Nilihisi masikio yanawaka. Mzee Angolwisye alikuwa mrefu, ana sauti ya kukohoa, na uwanjani kwake kila wakati walikaa wanaume watano, sita. Niliona macho yao yote. Nikasema, "Tumwandikie baba Tusa, mama. Barua itasema vizuri kuliko mimi."

Akauliza, "Inafika lini?"

"Wiki tatu. Nne."

"Haya," akasema. "Mwenye shule ni wewe."

Ilibidi iwe kwa Kiingereza, kwa sababu Ambakisye hakujua kusoma, na karani wa kambi aliyewasomea barua alikuwa mtu wa hukohuko, Kiswahili hakijui. Niliiandika juu ya ungo uliogeuzwa, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Sentensi ya kwanza ilikuwa ile ya ubaoni. Halafu aya ya pili: tumbo limevimba, daktari anataka kupasua, baba amekataa, njoo au tuma neno. Nilipomtafsiria, Mama Tusa aliniuliza, "Mwanzo umenisalimiaje?" Nikasema, "Kama inavyotakiwa. Uzima kwanza." Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. "Ndiyo. Asije akashtuka." Siku ile niliandika katika daftari: "Leo nimefanya kazi ya maana." Nilipoisoma tena mwezi uliopita, ilibidi niinuke nikatembee uani.

Nilirudi Iyunga likizo fupi ya mwezi wa tisa. Majibu yalikuwa yamefika wiki tatu kabla, na Mama Tusa alikuwa amekataa yasisomwe na mtu. "Asome aliyeandika," aliwaambia. Alikuwa ameilalia ile bahasha, imekuwa laini kama kitambaa. Safari hii hakukuwa na maharage. Alikuwa amekonda uso na mikono, na tumbo limebaki peke yake, kana kwamba ndilo lililokuwa likila. Shangazi alikuwa jikoni, namsikia anapuliza moto. Nikafungua. Mwandiko wa karani ulikuwa safi, na Kiingereza chake kizuri kuliko changu. Kilianza: mimi ni mzima kabisa, na nimefurahi sana kusikia kwamba nawe u mzima. Niliposhuka mstari wa pili, Ambakisye alisema ameongeza mkataba miezi tisa, kazi ni nzuri, anataka kurudi na cherehani. Alimsalimu Tusa. Alimsalimu baba yake. Basi.

"Anasema nini?"

"Anasema amefurahi… kwamba u mzima."

Alicheka. Kilimtoka kicheko kabisa, na kicheko kikamuuma, akalishika tumbo kwa mikono miwili. "Na la tumbo?"

"Hakuligusa, mama."

"Angalia nyuma ya karatasi. Labda liko nyuma."

Nikageuza. Nyuma palikuwa peupe. Nikamwonyesha, mtu asiyejua kusoma, nikamwonyesha weupe ule ili aone mwenyewe. Nikasema nitaandika nyingine sasa hivi, bila salamu, nianze na tumbo. Akageukia ukutani. "Acha, mwanangu. Umeshaandika." Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana.

Asubuhi yake nilitoka kwenda kwa Mzee Angolwisye. Naandika haya kwa sababu hakuna aliyeyajua. Nilikuwa nimejipangia maneno, sentensi nne, nimezikariri usingizini. Nilifika hadi mgomba wa mwisho kabla ya uwanja wake. Wanaume walikuwapo, mmoja anachonga mpini wa jembe, wanacheka kitu. Mzee alikuwa amekaa upande, ananawa mikono. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, halafu nikarudi. Nilimwambia shangazi nilikwenda kuokota kuni. Akaniuliza ziko wapi. Baada ya siku mbili nilipanda lori kurudi Iringa, nimekaa juu ya magunia ya pareto, napiga chafya njia nzima.

Mwezi wa kumi na moja barua ya shangazi ilinikuta bwaloni. Shangazi alisoma hadi darasa la nne, aliandika kwa penseli, kwa Kiswahili, akibonyeza sana. "Sisi huku hatujambo wote, ila Mama Tusa tulimzika Jumanne." Nilisoma sentensi ile mara nyingi, nikidhani nimeruka mahali. Hatujambo wote. Mpishi aliniona, akaja na mwiko wake, akasema, "Kamwene, binti. Nyumbani hawajambo?" Na mimi nikamjibu, kwa sauti iliyotoka bila kunitaka ruhusa, "Hawajambo." Sikuongeza kitu. Akarudi zake jikoni.

Ambakisye alifika Iyunga katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Misheni ilikuwa imempelekea simu ya maandishi, kampuni ikamwachia. Nilikuwa likizo. Alikuja na sanduku la bati jekundu na cherehani iliyofungwa blanketi, akaiweka katikati ya uwanja wa baba yake, na watu wakakusanyika kana kwamba msiba ndio unaanza. Sisi wanawake na wasichana tulikuwa jikoni na kwenye kibaraza, tunamenya ndizi. Nilimwona kupitia nafasi kati ya mianzi. Alikuwa mwanamume mfupi, mabega mapana, anakohoa vumbi la mgodini. Alilia kwa muda mrefu bila kufunika uso. Halafu akatoa karatasi mfukoni mwa koti.

"Mimi niliambiwa ni mzima," akasema. "Iko hapa. Karani alinisomea: mzima kabisa. Ningejuaje? Mwiteni aliyeandika."

Ganda la ndizi liliniponyoka mkononi. Shangazi alinifuta vidole kwa kanga yake, akanisukuma mgongoni. "Nenda tu. Wewe hukuiba." Nikatoka. Kulikuwa na wanaume labda ishirini. Nilipiga magoti, na Ambakisye akanipa barua bila kuniangalia. "Soma. Uwaambie imesema nini."

Nilisoma Kiingereza, kisha Kiswahili. Nilipomaliza ule mstari wa kwanza, mimi ni mzima kabisa, watu waliguna vibaya sana, na mjomba mmoja akatema mate. "Toto la shule hili!" akasema. "Mnaona? Mnaona?" Nilitaka kuinuka. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye karatasi, na kwenye karatasi sikuwa na haya, ndivyo nilivyokuwa, nikaendelea na aya ya pili. Tumbo langu limevimba. Daktari anataka kupasua. Baba amekataa. Njoo, au tuma neno. Uwanja ukanyamaza polepole, kuanzia mbele.

Yule mjomba ndiye aliyeuliza. "Ambakisye. Hayo ya chini, karani hakukusomea?"

Ambakisye alikuwa ameinamisha kichwa. Bila kukiinua akasema, "Alinisomea."

"Yote?"

"Yote. Mara mbili. Nilimwambia arudie." Akajifuta pua kwa kiganja. "Nikamwuliza, hapo mwanzo si amesema mzima? Akasema ndiyo, ndivyo alivyosema. Basi nikashika hapo. Nilikuwa nataka cherehani."

Nani angenisema mimi tena baada ya hapo? Nilijiona mwepesi. Mwezi mzima nilikuwa nimebeba kifo, na sasa mwenyewe alikuwa amejitokeza kukipokea mbele ya watu. Nadhani ni wepesi ule ulionifungua mdomo, maana sikuwa mtu wa kusema. Mzee Angolwisye alikuwa amekaa kwenye kigoda, kimya tangu mwanzo, na hakuna aliyekuwa amemtazama. Nilimgeukia. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Babu, daktari alimwomba nani?"

Mtu alisema, "He!" Mwingine alisema, "Mnyamazisheni." Mzee akainua mkono wakaacha. Alinitazama, na macho yake hayakuwa makali. Yalikuwa na ukungu wa uzee, nilikuwa sijawahi kuyaona karibu.

"Aliniomba mimi," akasema. "Nikakataa. Ningekubali papo hapo, mngesema nini ninyi? Mngesema mzee ana haraka na mwili wa mke wa mwanawe. Baba mkwe hukataa mara ya kwanza, wote mnajua. Anatumiwa mtu, mtu anapiga magoti, anasema nimetumwa na mkweo, ndipo anakubali. Ndivyo tunavyofanya." Akanyoosha kidole ukutani pa nyumba yake. Palikuwa na mianzi miwili mirefu imeegemezwa, imekauka, imekuwa ya njano, na kamba za machela zimeviringishwa juu yake. "Ile niliikata siku ileile. Vijana wa kubeba niliwaambia wasiende mbali. Nikangoja mkwe wangu amtume mtu. Nilikuwa nakaa hapa kila siku, nangoja." Akakohoa. "Hakuja mtu."

Waliigeukia ile machela, wote, wakamgeukia Ambakisye, wakamgeukia mzee. Mimi hawakunigeukia. Nilikuwa nimepiga magoti palepale nilipotumwa kupiga magoti mwezi wa sita, sentensi zangu zote nne bado nazijua, na mdomo wangu, uliokuwa umefunguka dakika moja kabla, ulijifunga. Ningeweza kusema. Mzee alikuwa bado ananitazama, na nadhani angenisikiliza. Niliikunja barua kwa mistari yake ya zamani, nikamrudishia Ambakisye kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

Shangazi alinipokea kibarazani. Wanawake walinipisha karibu na moto, wakasema nimesoma vizuri, nimejikaza, mtoto mwenye haya zake vile kusimama mbele ya wanaume! Mmoja wa wale wawili wa chumvi akanipakulia ndizi za maziwa, sahani imejaa, akanishikisha kijiko. Nilikuwa na njaa. Nilikula zote.